Diski ya Viktor

Paska, uko hapo?

Si unaijua ile laptop ya marehemu mume wangu Viktor, yenye mfumo wa Linux? Tangu msiba sijawahi kuizima, nilikuwa naifunika tu inalala. Leo asubuhi nikaisasisha, ikajizima na kujiwasha upya. Nikaweka nenosiri, kioo kikawa cheusi. Dakika moja na nusu, Paska! Ndipo ikafunguka.

Nikarudia mara tatu. Dakika moja na nusu ileile.

Nikafungua kumbukumbu za mfumo nione kinachoichelewesha. Imeandikwa inasubiri diski inayoitwa VIKTOR. Ile diski ya nje aliyokuwa nayo kwenye begi siku alipozama mto Kilombero. Yeye tulimpata. Begi hatukulipata.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu anachambua mchele. Akauliza, "Mbona umeduwaa? Inasubiri nini?"

Sijui kwa nini sikudanganya. Nikasema, "Inamsubiri Viktor, mama."

Akaweka ungo chini. "Na ikimkosa?"

"Inaendelea bila yeye."

Hakulia, Paska. Hakulia kabisa.

Mstari unaoiamuru isubiri nimeshaupata. Ni kuufuta tu, itawaka haraka. Nilipotaka kuufuta, mama akanishika mkono. "Dakika moja na nusu siyo nyingi, mwanangu. Iache."

Nimeiacha. Ila tangu saa nne ananiambia niizime niiwashe tena, na kioo kikiwa cheusi anageukia mlangoni.

Na mimi nimeanza kugeuka naye.