Picha Niliyomtumia Mjomba Mutua

Susu,

Nyanya yangu, yule mwanamke aliye mbele ya programu ya mazishi yako si wewe. Sijamwambia mtu. Mama hajui, mjomba Mutua hajui, na hata pasta, aliyeinua ile karatasi mbele ya watu na kusema, "Tazameni furaha ya mama huyu," hajui. Ninajua mimi tu, na sasa wewe, kama huko uliko barua zinafika.

Niache nieleze polepole, vile ulikuwa unaniachia nafasi bila kunikatiza.

Mjomba alipiga simu kutoka Nairobi siku ya tatu baada ya wewe kutuacha. Alisema, "Muthoki, wewe ndiye unajua vitu vya Mama. Nitumie picha yake moja nzuri, watu wa saiba wanataka kuchapisha programu leo." Nikasema sawa. Unajua mimi husema sawa kabla sijafikiria. Nikavuta sanduku lako kutoka chini ya kitanda, nikashusha yale madebe ya biskuti juu ya kabati, nikaketi sakafuni.

Susu, hukuwamo.

Kilungu nzima, mlima wetu wote, ilikuwamo, vile ulivyoipiga kwa kamera yako. Mwethya wa kina mama, kikundi chao cha kusaidiana kazi, wakichimba matuta, majembe yote hewani kwa wakati mmoja. Ntheo ya Mama, siku alipoposwa, wale mbuzi watatu wakingoja kukabidhiwa, na mmoja anatafuna leso ya mgeni. Kwaya yenu ufuoni Mombasa, wanaume wazima wamekunja suruali na wanaogopa maji ya magotini. Fundi wa baiskeli wa soko la Salama akichungulia tundu la tairi kama daktari. Kumbe kijiji chetu ni kikubwa hivyo? Niliketi pale nimesahau ninachotafuta. Nimepita mbele ya duka la fundi yule miaka yote ya shule na sikuwahi kuona mikono yake. Wewe uliiona.

Lakini wewe mwenyewe hakuna. Nikatafuta kwenye simu ya Mama. Nikapata mgongo wako, kiwiko chako, leso uliyojifunika usoni. Kila mtu akiinua simu ulikuwa unamwambia, "Lete hiyo, nikupige wewe."

Kulikuwa na kitambulisho. Nikakipiga picha nikamtumia mjomba. Akanipigia hapo hapo. "Wee Muthoki! Hii hapana. Mama anaonekana kama ameshikwa na polisi." Nilicheka, Susu. Nyumba ya matanga, watu wamejaa nje, na mimi nimejiziba mdomo na blanketi lako.

Ndipo nikampata. Alikuwa chini kabisa ya sanduku, ndani ya bahasha yake peke yake. Picha nyeusi na nyeupe, mwanamke kijana amebeba kiondo cha machungwa mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, na anacheka mpaka macho yamefungika. Alikuwa na mwanya wako. Alikuwa na paji lako. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nikampiga picha na simu, nikatuma. Mjomba akaandika, "Safi sana. Kumbe mlikuwa mmemficha."

Sikuigeuza.

Hilo ndilo kosa langu. Ulinifundisha tangu nikiwa mdogo kwamba picha haitazamwi kabla ya kusoma nyuma. "Geuza kwanza," ulikuwa unasema, "umsalimie kwa jina ndiyo umwangalie." Hata wageni uliwalazimisha. Siku hiyo nilikuwa na haraka, sikumsalimia.

Sasa nikuambie kuhusu siku yenyewe, kwa sababu sidhani mtu amekueleza vizuri. Watu walijaa mpaka kwenye matuta ya jirani. Baada ya mahubiri alisimama mzee mmoja ambaye hatukumjua, akasema ametoka Kiboko. Akatoa karatasi ya nailoni mfukoni, na ndani yake picha ya mtoto amesimama kando ya barabara na punda. Akasema mtoto yule ni yeye, ulimpiga picha ukiwa safarini, ukamwuliza jina la baba yake, na baada ya miezi mingi ukashuka tena pale pale kumletea. "Nilikuwa sijawahi kujiona," alisema. "Nilimwuliza, huyu ni nani? Akaniambia, ni wewe, shika."

Susu, baada yake walianza kutoa. Sijui nani alitangulia. Watu walifungua Biblia, mikoba, pochi, wakatoa picha ulizowapiga. Harusi, ubatizo, ng'ombe, mtoto aliyefariki, nyumba ya kwanza ya mabati. Waliziinua juu tu, bila mtu kuwaambia. Nilitazama ule mlima wote ukiwa na vipande vidogo vya karatasi mikononi. Niliishi na wewe tangu nikiwa na miaka sita na nilifikiri ni mchezo wako wa Jumamosi.

Mama Ndinda wa kwaya aliomba programu. Unajua macho yake sasa. Aliisogeza mpaka ikagusa pua, akasema, "Ndiye. Meno ya kwao hayafichiki." Wote wakasema alikuwa mrembo, Mama wa watu, angalia anavyocheka.

Wiki iliyofuata nilikuwa nikirudisha ile picha kwenye bahasha yake, ikageuka mkononi. Mwandiko wako wa penseli, kwa Kikamba. Dada yangu Syokau, soko la Salama. Nimemwambia atulie, yeye anacheka tu.

Nilikaa chini.

Ulinitajia Syokau mara moja tu, tukitwanga mahindi ya muthokoi. Ulisema ulikuwa na dada mkubwa aliyekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, mbele ya Voi, kabla hujaolewa. Akaugua, akazikwa na wafanyakazi wenzake kabla habari haijafika nyumbani. Baba yenu alipofika akaonyeshwa uwanja wa vilima vidogo vya udongo, na hakuna aliyejua kipi ni chake. Akapanda basi akarudi. Ulisema hivyo, ukaendelea kutwanga. Mimi nikauliza kama nikuletee maji. Bado naona aibu kwa yale maji.

Nilitaka kusema ukweli. Nilipanga sentensi kichwani kama insha ya mtihani. Nilikwenda jikoni kwa Mama mara tatu nikiwa tayari, na mara zote tatu nikaomba chumvi. Akaniuliza, "Wewe unapeleka wapi chumvi yote hiyo?"

Kisha mjomba akaja na fundi wa kujengea kaburi. Wataweka vigae, akasema, na juu yake kibao cha jina lako na picha isiyofutwa na mvua. Watu walikuwa wamesimama pale, Mama, shangazi, fundi na futi yake. Mjomba akaniuliza, "Ni ile ile, ama una nyingine nzuri?"

Wote wakanigeukia. Unajua vile mimi huwa. Masikio yalipata moto. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu, Susu. Ningesema, hapana mjomba, yule si yeye, nilikosea. Wangenikasirikia, kisha wangeweka jina tupu, na ingekwisha. Neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Lakini nilikuwa nimefikiria uwanja ule wa mbele ya Voi. Na nikafikiria siku yako. Mlima mzima ulilia ukimtazama Syokau. Waliimba wakiwa wameshika uso wake. Alizikwa mara ya kwanza bila mtu wa kwao hata mmoja, na mara ya pili walikuja mpaka watu wa Kiboko. Na wewe ambaye hukutaka kutazamwa maisha yako yote, hukutazamwa. Nani alipanga hivyo? Mimi sikupanga. Mimi nilikuwa natafuta picha tu.

Mara hii nilifikiria kwanza. Kisha nikasema, "Ni hiyo hiyo."

Sauti ilitoka kubwa mpaka fundi akageuka. Shangazi akasema, "Haya, leo Muthoki ameongea, andikeni tarehe!" Wakacheka.

Kibao kiliwekwa Jumamosi iliyopita. Jina lako liko chini, uso wake uko juu. Watoto wa jirani wakipita wanasimama. Mmoja aliniuliza kama ulikuwa unacheka hivyo kweli, na nilishindwa kujibu, kwa sababu ulikuwa unacheka hivyo kweli. Siku nyingine naona nimekunyang'anya kitu chako. Siku nyingine nasimama pale na nywele zinasimama, naona kana kwamba uliacha nafasi hiyo wazi miaka yote na hukuniambia ni ya nani. Sijui, Susu. Hata kuandika hivi naogopa kidogo.

Mengine ni haya. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalitoka, na ni mazuri kuliko nilivyoogopa. Mbaazi zimeiva. Kamera yako iko kwangu, lakini filamu hazipatikani, kwa hiyo natumia simu. Jana nilimpiga Mama Ndinda akipura maharagwe. Alisema, "Ngoja nivae kitambaa kizuri," nikamwambia hapana, kaa hivyo hivyo, na nikashangaa kusikia sauti yangu ikimwamuru mtu mzima. Akatii.

Nikiingia chuo, likizo ya kwanza nitapanda basi mpaka Voi, niulize, nishuke mbele yake. Nitaupiga picha ule uwanja wote, kilima kwa kilima, hata kama ni vichaka tu. Sitajua kipi ni chake. Nitawaambia wote kwamba Syokau alikwisha kufika nyumbani, na yeye, popote alipolala kati yao, atasikia. Hiyo nakuahidi.

Lala salama, Susu. Asante kwa mlima wote ulionionyesha.

Na hili tafadhali libaki kwetu. Usimwambie Umau, babu yangu aliyekutangulia huko, yeye hawezi kunyamaza na siri. Mama akitangulia kuja huko kabla yangu, usimwambie hata yeye, ngoja nifike nimweleze mwenyewe. Na Syokau, kama mko pamoja, mwambie atulie. Asicheke kwa sauti, watu watajua.

Mimi wajina wako,
Muthoki