Treni ya Mzee Kobia na Masafa ya Wenyewe

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimejiponza kwa mdomo wangu! Leo nimeenda Ruiri kwa kina Kinya, mpenzi wangu, kuonana na babake mara ya kwanza. Mzee Kobia alikuwa mtu wa ishara za reli miaka thelathini na moja, huko mbali — Meru treni haijawahi kufika. Sasa amejitandikia reli yake uani, kutoka kwa tangi la maji mpaka miguuni pa kiti chake. Ana injini ndogo ya Kijerumani, zawadi ya padri aliyerudi kwao. Ilikuwa na rimoti, panya akala waya. Mutwiri, kakake Kinya aliye Amerika, akatuma rimoti ya kwao. Haisikizani na injini hata kidogo.

Mzee ameuliza kama fundi wa simu anaweza treni. Nikasema ni kazi ya siku moja. Siku moja! Kinya alinikanyaga mguu, lakini nilikuwa nimeshasema.

Basi mzee akatangaza. Tarehe kumi na sita tukienda na wazee wetu, ncoolo — kile kifungu cha miraa teule cha kuombea msichana — kisiletwe kwa mkono. Kije kwa treni. Akikipokea, Kinya ni wangu. Kikirudi kilikotoka, basi, posa imekataliwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefungua injini hapa dukani Kangeta. Wateja wamejaa mlangoni, simu zao zinangoja. Idrisi wa buchari ameuliza kama nimeanza kukata tikiti.

Shida nimeiona. Injini inasikia masafa ya redio ya Ulaya, megahezi 869. Rimoti ya Mutwiri inaongea ya Amerika, 904. Kumbe ndani ya boksi lake kulikuwa na kipokezi cha kufanana nayo, hakuna aliyekitoa kwa karatasi. Nimekifunga. Imeenda! Imegonga kiatu cha mteja na kurudi.

Alhamisi, 7 Agosti

Ruiri. Treni imezunguka ua wote, mzee akacheka mpaka akatoa miwani. Ila Mama Kinya alikuwa kwa simu na wenzake wa chama, na simu ikakatika mara tatu.

"Ni hiyo kitu yenu!" akatuambia kutoka dirishani.

Nikasema hapana mama, ni network tu. Huo ni uongo au sio? Sijui bado.

Ijumaa, 8 Agosti

Ni uongo.

Nimesoma asubuhi nzima. Kumbe kila nchi ina sheria yake ya rimoti, hata ya treni ya futi moja! Amerika hapo mia tisa na kitu ni pa watu wote, Australia wana pao, Ulaya pao. Sisi tumewekwa kundi moja na Ulaya. Hapo Mutwiri anapochezea, kwetu ni njia ya simu. Mama Kinya alikuwa na haki.

Naweza kunyamaza. Nani Ruiri atajua?

Jumapili, 10 Agosti

Nimemwambia mzee. Alizima redio ili anisikie — na hiyo redio ya dirishani haiguswi na mtu, Kinya anasema hata padri akija haizimwi.

Akaniambia: "Mimi nilisimamisha treni iko na waziri ndani, sababu ishara ilikuwa nyekundu. Sasa niendeshe yangu kwa laini ya wenyewe?"

Rimoti ya Amerika imepigwa marufuku. Nitengeneze ile ya panya. Tarehe haibadiliki. Nimejuta kusema ukweli, naandika hapa kwa sababu siwezi kusema kwingine.

Jumatano, 13 Agosti

Rimoti ya panya imepona! Lakini inakunywa betri vibaya sana. Kipokezi cha Amerika nimekiacha ndani ya injini pia, nikakiwekea swichi ndogo ya kuchagua rimoti. Akiba haiozi.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa uani kwa kina Kinya, suti na yote.

Treni iliondoka kwa tangi vizuri, kifungu juu ya behewa, akina mama wakapiga vigelegele. Ikasimama. Betri ya rimoti! Hatua moja kutoka kiatu cha mzee. Moja!

Mjomba wangu Salesio akasema isukumwe kidogo tu. Mzee wao Nyaga akasema kusukuma ni mkono, na ilisemwa si mkono. Nikiinua nirudishe kwa tangi, nimejirudishia posa mwenyewe. Wakabishana kweli kweli. Mzee Kobia akasema tu treni haijafika, akaingia ndani. Wote wakafuata, chakula kilikuwa tayari.

Idrisi amechukua pikipiki kutafuta betri. Dakika arobaini sasa. Mimi nimeachwa nilinde miraa. Kuna mbuzi amefungwa kwa kamba ndefu, na kamba imezidi kuwa ndefu.

Rimoti ya Amerika iko mfukoni, imejaa chaji. Naam, niliibeba. Swichi moja, kidole kimoja, kifungu kinafika. Nimeshaigeuza swichi.

Lakini namsikia Mama Kinya dirishani, yuko kwa simu na dadake wa Embu. Anamwambia Kinya amepata kijana mwaminifu, hata mambo ya treni alisema ukweli mwenyewe. Simu ikikatika hapo! Nimerudisha swichi. Nalia na kucheka.

Mbuzi amesogea.

Mzee ametoka. Amevaa kofia yake ya kazi, redio iko kwapani. Saa saba kasoro dakika mbili, na habari za saa saba hajawahi kukosa. Amekaa kwenye kiti chake, hajaniangalia. Amegeuza redio, amefungua mgongo wake. Anatoa betri. Mbili. Ananinyooshea.

"Fundi, wacha kuandika. Mbuzi ameanza."