Muhuri Aliouchongesha Baba

Nyumbani Meru, Jumapili

Kaka Brayson, shikamoo.

Upepo umeangusha migomba miwili, lakini kahawa imechanua vizuri na Mama anakusalimu. Ningekupigia simu huko Songea, ila Baba angekaa pembeni asikilize, na ninayetaka kumsema ni yeye.

Tangu nifaulu mtihani wa mwisho wa uhasibu, usharika mzima unaniita CPA. Wiki iliyopita Baba alisimama kanisani, akawaahidi wenzake wa ushirika wa kahawa kwamba mwaka huu nitawakagulia hesabu mimi. Kaka, siruhusiwi! Bado natakiwa nimalize miaka ya kazi chini ya mhasibu aliyesajiliwa, ndipo bodi inisajili, na kukagua hesabu za watu kuna leseni yake tena. Nikisaini leo, huenda nisisajiliwe kabisa.

Nilimweleza. Akacheka. "Daktari akishafaulu, mgonjwa anamwuliza leseni?"

Jana akarudi kutoka Ngarenaro na zawadi ameifunga kwenye leso. Ni muhuri. Amechongesha: CPA Eunike Aminieli, Mkaguzi wa Hesabu. Akaujaribu kwenye kiganja chake cha kulia, akaenda kuwaonyesha majirani.

Mweleze wewe, Kaka, mimi nikimweleza anacheka tu. Tangu jana Baba anakula ugali kwa kijiko, ili asinawe mkono.

Mdogo wako anayekutegemea,
Eunike