Ukuta wa Iringa

Jumanne, 4 Machi. Iyunga.
Mazoezi tena kwenye tope. Goti la kulia limevimba. Nimelikanda kwa maji ya moto kabla mke wangu hajarudi kutoka sokoni, lakini ameliona beseni. "Baba Neema, hilo goti si la timu, ni la nyumba hii." Miaka yote hii beki wa kati, kitambaa cha unahodha mkononi, na sijawahi kuipandisha timu daraja. Jumamosi tukishinda Iringa, tunapanda. Nitacheza.

Alhamisi, 6 Machi.
Kocha anamwangalia sana Daudi. Beki kama mimi, ila ana kasi. Namchukia kidogo. Kikosi bado hakijatajwa.

Ijumaa, 7 Machi. Iringa.
Njiani, pale Igawa, tulishuka kula mahindi. Nikachechemea, nikasingizia ganzi.
Jioni Mzee Ambele wa kamati ya ufundi katoa masharti. Kesho hakuna kupita getini, wenyeji watakuwa wameshalifanyia mambo yao ya uganga. Turuke ukuta wa nyuma, nahodha kwanza. Mimi mtu wa kwaya, siamini hayo. Ningekataa. Lakini Kocha alikuwa analitazama goti langu.

Jumamosi, 8 Machi.
Nimeruka. Nikatua kwa mguu mbovu, kitu kikalia ndani ya goti. Nikasimama nacheka. Upumbavu mtupu. Kumbe wenyeji nao wameruka, upande wao. Getini walipita wauza karanga tu.
Nikaingia kucheza hivyo hivyo. Mshambuliaji wao akanipita kama nimesimama kwenye foleni. Bao. Aibu mpaka masikioni. Nikainua mkono mwenyewe, nitolewe. Daudi akaja. Nikamfunga kitambaa. Akaniambia, "Pole, kaka. Tunapanda leo hii hii."
Mbili kwa moja. Tumepanda. Benchi zima likakimbilia uwanjani, mimi sikuweza kuinuka. Nimefurahi. Nimeumia pia, kwamba wameweza bila mimi. Hilo sitamwambia mtu.

Jumapili, 16 Machi. Iyunga.
Daktari kasema mpira basi. Mke wangu hajasema "nilikuambia". Kanipikia ndizi za nyama, akakaa karibu.
Jioni nimekwenda na mkongojo kuangalia mazoezi. Daudi anawapanga mabeki, makelele yake kama yangu. Nimepita getini, taratibu, nikakaa na wauza karanga.