Sauti ya Kwenye Simu

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Bibi yako hajambo, na huku Maposeni tunavuna mahindi. Umeniuliza kama uifiche shida ya jicho lako unapoomba kazi ya zimamoto.

Mimi moto uliniharibu macho nikiwa zimamoto Songea mjini. Nikabaki naona ukungu tu, wakanihamishia kupokea simu za dharura. Simu za mkononi ndiyo zilikuwa zinaanza kuenea. Mchana mmoja akapiga mama wa Majengo: nyumba inaungua, yuko ndani na wanawe, moshi umetanda, mlango hauoni.

"Hata mimi sioni, mama," nikamwambia. "Inama, shika ukuta, watoto washike nguo yako. Ukuta usiuachie."

Nikamsikia akikohoa, akikohoa, kisha nikasikia majirani wakimpokea nje. Gari letu lilikuwa bado njiani.

Alipokuja kituoni kushukuru, mkuu wetu alimwonyesha dereva wa gari, ati ndiye aliyemwokoa. Mama akampa mkono, akalia. Niliitambua sauti yake, nikasimama. Mkuu akaninong'oneza, "Kaa, usituaibishe mbele ya mgeni."

Haikupita muda nikaambiwa kazi ile inataka watu wenye macho. Nikarudi kulima.

Usilifiche jicho lako, mjukuu wangu. Waambie, kisha waambie na kazi unayoiweza. Wakikukataa, njoo nyumbani tulie wote. Mimi bado sijamaliza kulia.

Babu yako