Wavu wa Chuma Uliolegea Madale

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Madale. Tarehe 12/04/2025, saa 10:30 jioni.
Jina: Zubeda Mfaume Mwishehe. Umri: miaka 54. Dini: Mwislamu. Kazi: kuwamba vitanda vya kamba. Makazi: Madale, chini ya mlima wa machimbo ya zamani.

Nimekuja mwenyewe, na nguo za sherehe mwilini, kusema kwamba fundi Ansbert mliyemweka ndani leo asubuhi hana kosa. Mwenye kosa ni mie niliyemshtaki.

Mnamo mwezi uliopita fundi huyo alifunga wavu wa chuma mlimani, juu ya nyumba zetu, ili mawe yakiporomoka yasitufikie. Nilipanda kuukagua nikakuta umelegea. Miaka thelathini nawamba vitanda. Kitanda kikibonyea, aliyekiwamba kaharibu kazi, hana la kujitetea. Nikamwambia aukaze. Akajibu, "Mama, umelegezwa makusudi. Jiwe likija unalipokea, hauvutani nalo." Nikamwambia akamdanganye bibi yake.

Leo saa 2:00 asubuhi nikamshtaki hapa kwamba kalipua kazi na anahatarisha maisha ya watu. Niliogopa kweli, maana leo binti yangu Najma anasuguliwa singo, kesho anaolewa, na ua wetu uko chini ya mteremko ule ule.

Mnamo saa 9:40 alasiri, mvua ilikuwa imekatika, tulikuwa uani wanawake kama arobaini. Najma kakaa mkekani anasuguliwa, ngoma imekolea. Tukasikia mlima unanguruma. Jiwe kubwa kama bajaji likaja linadunda. Nilimlalia mwanangu nikapiga shahada. Kisha kimya. Kuinua kichwa, naona wavu umebonyea kama tumbo la mjamzito, jiwe limo ndani, limetulia. Hata kokoto moja haikuingia kwenye pilau! Wifi yangu Tabu akapiga kigelegele, wote tukapokea. Nililia huku nacheza, wala sikuona haya.

Nikaja mbio hapa, nikampigia fundi magoti mlangoni mwa mahabusu. Nilitegemea anitukane, na ningestahili. Hakuuliza habari ya kutoka. Aliuliza, "Mama, watu bado wako chini yake?"

Nikasema wapo, wanacheza.

Akapaza sauti, "Wahamishe kwanza! Wavu ukishashika jiwe lazima niukague!"

Nikampigia simu Tabu, wakahamia kwa jirani aliye mbali na mteremko, na ngoma yao, hawakuacha hata kupiga. Ndipo nikakaa kuandikisha haya.

Malalamiko yangu nayafuta yote. Haya nimeyasema kwa hiari yangu, nimesomewa, nami nimeyaridhia.

Sahihi: Z. M. Mwishehe

Maelezo haya nimeyaandika mimi, D/C Cyprian. Mtuhumiwa ameachiwa saa 11:05 jioni. Alipoulizwa kama ana malalamiko dhidi ya shahidi, alisema hana muda, anawahi mlimani kabla ya giza. Shahidi ameondoka naye, kambebea kisanduku cha spana kichwani, akimwita "mwanangu."