Bei Iliyofutwa Sokoni Mazingara

Wifi yangu mkubwa, shikamoo.

Huku Mazingara jua ni kali. Leo nimepeleka sokoni mahindi ya mwisho aliyopanda marehemu kaka yako. Nikamkuta mtaalamu kutoka mjini akipima ushindani wa wanunuzi wa mahindi. Alichukua sehemu ya soko ya kila mnunuzi, akaizidisha kwa yenyewe, akajumlisha. "Mama, wanunuzi ni wanne. Ushindani upo."

"Mwanangu, hao ni ndugu wa tumbo moja, na bei yao ni moja. Walikuja kumzika mume wangu kwa lori moja."

"Undugu haumo kwenye kanuni, mama."

"Basi nunua wewe, wawe watano."

Kwa kunionea haya, akataja bei iliyozidi yao. Mkubwa wao akaruka: "Mama, huyu mahindi atayaweka wapi? Mimi naongeza!"

Nikamuuzia huyo mkubwa yote. Kaka yako angecheka mpaka kofia ianguke.

Mtaalamu aliiandika bei ile, kisha akaifuta. Anasema haifanani na nyingine, itamharibia hesabu.

Baridi ya Vugiri isikuume kifua, wifi. Jifunike vizuri.

Mama Zaina